Kubadili mkanda wa taimingi na wota pampu nyumbani: tukusanye kila kitu hapa

Mzee_wa_Toki

Wakuu, salaam. Maswali ya mkanda wa taimingi (unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, shafti inayofungua valvu) yametapakaa kwenye nyuzi nyingi na majibu yake ni nusu nusu, kwa hiyo tuyaweke hapa kwa ukamilifu.

Nachukua injini ya Toyota 5S-FE kuwa mfano. 3S-FE ni ndugu yake, na mbele ya injini zinafanana kwa sehemu kubwa. Nimeichagua kwa sababu mkanda wa taimingi wenyewe ndio unaozungusha wota pampu (pampu ya maji ya kupozea injini), na pia kwa sababu mkanda ukikatika pistoni hazigongani na valvu. Anayejifunza aanzie kwenye injini ya namna hiyo. Kwenye Subaru EJ25 au dizeli nyingi, mkanda ukikaa meno machache pembeni unapinda valvu mara tu unapopiga stata.

Hakikisha kwanza kwamba injini yako ina mkanda, si cheni. Kifuniko cha plastiki mbele ya injini, chenye bolti ndogo ndogo, kwa kawaida kinaficha mkanda. Cheni hulainishwa kwa oili, kwa hiyo hukaa nyuma ya kifuniko cha chuma kilichozibwa vizuri.

Muda wa kubadili kwa injini hizi ni kilomita 90,000 hadi 100,000. Mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo kitabu kikitaja kilomita na miaka, fuata kinachotangulia.

Nunua vyote kabla hujagusa bolti ya kwanza: mkanda, wota pampu pamoja na gasketi na oringi zake, rola 2 (moja ya springi, inayokaza mkanda, na moja isiyosogea) na springi yake, oili sili (pete zinazozuia oili isivuje) ya kemshafti, ya krenki ya mbele na ya oili pampu, kulenti (maji ya kupozea injini), na mikanda ya nje ikiwa imechakaa. Thamostati ibadilishwe sasa, kwa sababu kulenti yote itakuwa imeshamwagwa.

Vifaa: soketi 10, 12, 14, 17 na 19, mpini mrefu wa kufungulia, toki renchi 2, yaani spana zinazopima nguvu ya kukaza kwa Nm (ndogo inayosoma vizuri kwenye 5 hadi 25 Nm na kubwa inayovuka 110 Nm), jeki, stendi 2, kipande cha ubao, kivuta puli cha bolti, koleo la klipu za hozi, karai la kulenti, tochi, na kalamu ya rangi nyeupe. Toki renchi ndogo ndiyo ambayo watu huiruka, na bolti nyingi zinazokatika ndani ya bloki ni zile za soketi 10.

Mzee_wa_Toki

Kabla ya hatua, niseme kwa nini pampu inabadilishwa pamoja na mkanda hata kama haijavuja. Ina beringi na sili, na umri wake hauko mbali na wa mkanda. Sili ikichoka, kulenti inadondokea kwenye mkanda. Beringi ikilegea, puli ya pampu inainama na mkanda unaanza kuliwa ukingo. Beringi ikikwama kabisa, mkanda unanyofolewa meno ndani ya sekunde chache. Ukifunga mkanda mpya juu ya pampu yenye kilomita 100,000, maisha ya mkanda huo umeyakabidhi kwa beringi iliyochoka. Na kuifikia baadaye ni kazi hii hii kuanzia mwanzo.

Sasa kazi.

Injini iwe baridi. Toa waya hasi wa betri. Legeza nati za gurudumu la mbele kulia, inua gari, liweke juu ya stendi, kisha toa gurudumu na kinga ya plastiki ya pembeni. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari halikai juu ya jeki wakati mtu yuko chini yake.

Mwaga kulenti iliyo kwenye rejeta, halafu fungua na bolti ya kumwagia iliyo kwenye bloki, vinginevyo iliyobaki itakumwagikia pampu inapotoka. Pima kiasi kilichotoka. Usiiache wazi, kwa sababu ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama.

Toa mikanda ya nje, alteneta na mkono wake wa kurekebishia. Weka ubao kati ya jeki na karteri ya oili, inua kidogo mpaka injini ianze kubebwa, ndipo ufungue maunti (kishikio cha injini) ya upande wa mkanda. Bila ubao, karteri inabonyea. Toa plagi zote 4 ili injini izunguke kwa mkono bila kupigana na mgandamizo. Toa kifuniko cha juu cha mkanda.

Zungusha krenki kwa soketi, mwelekeo wa saa, mpaka mkato wa puli ulingane na alama ya 0 kwenye kifuniko cha chini. Tazama juu: tundu dogo la gia ya kemshafti lilingane na alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi ya kemshafti, nyuma yake. Kama halipo hapo, zungusha krenki mzunguko 1 kamili. Krenki huzunguka mara 2 kemshafti ikizunguka mara 1, kwa hiyo 0 ya chini peke yake haithibitishi kitu.

Spana19

Mkuu, hapo kwenye bolti ya puli ndipo wengi wanapokwama. Wapo wanaoweka mpini mrefu uegemee chini kisha wanagusa stata ili bolti ilegee. Inafaa?

BintiMekanika

Haifai, Spana19. Stata ina nguvu ya kuruka na huwezi kuipima. Soketi ikiteleza, mpini unarushwa na chochote kilicho karibu kinaumia. Injini ikiwaka kwa bahati mbaya, hali inakuwa mbaya zaidi. Na hata ikifaulu, imekusaidia nusu tu, kwa sababu bolti ile ile itatakiwa kukazwa kwa 108 Nm na stata haikazi. Cha kuishikia puli utakihitaji tu, basi kiwe tayari tangu mwanzo.

Gia za mkono: weka gia ya 5, mwenzako akanyage breki kwa nguvu, fungua. Otomatiki: tengeneza mkono wa chuma bapa unaofungwa kwa bolti 2 kwenye matundu yenye nyuzi yaliyo kwenye puli, halafu mkono huo uegemee mahali pasipovunjika. Usikamate puli kwa cheni wala koleo kwenye ukingo wa nje. Puli hiyo ina pete ya mpira kati ya kitovu na ukingo, na mpira ukijitenga, mkato wa alama ya 0 unahama. Utakuwa unapanga taimingi kwa alama ya uongo.

Kwa sababu hiyo hiyo kivuta puli kishike matundu ya katikati, kamwe kisishike ukingo.

Bolti ikishalegea, rudi uhakikishe alama bado ziko sawa kabla hujavuta puli.

Mzee_wa_Toki

Asante Binti, hapo umemaliza. Tuendelee.

Toa puli, kifuniko cha chini, na kile kisahani kilicho mbele ya gia ya krenki. Angalia kimekaaje: upande wenye bakuli unatazama nje. Kikigeuzwa kinakwaruza mkanda.

Legeza bolti ya rola ya springi, isukume rola kuelekea kushoto mpaka mwisho, kaza kwa muda. Vuta mkanda utoke. Kuanzia hapa usizungushe kemshafti wala krenki ovyo. 5S-FE itakusamehe, injini nyingine hazisamehi.

Rola_na_Beringi

Kabla ya kutupa mkanda wa zamani, usome. Meno yaliyonyofoka mahali pamoja yanaonyesha kuna kitu kilikwama, na cha kwanza kukagua ni pampu. Ukingo mmoja uliolika unaonyesha rola au puli iliyoinama, au kisahani kilichokaa vibaya. Mafuta yanaonyesha sili iliyochoka: juu ni ya kemshafti, chini ni ya krenki au ya oili pampu. Nyufa upande wa mgongo ni joto na uzee. Ukibadilisha mkanda bila kuondoa chanzo, mpya utakufa kwa ugonjwa ule ule.

Rola nazo: zungusha kwa kidole karibu na sikio. Ikisikika kama ina mchanga, imekwisha. Ikizunguka kwa wepesi mno na muda mrefu bila kizuizi, grisi imekauka, nayo imekwisha. Watu wengi huisifia hii ya pili kwa kuzunguka vizuri, na ndiyo inayowaangusha njiani.

Spana19

Oili sili zibadilishwe hata kama ni kavu?

BintiMekanika

Ndiyo, kama mkono wako ni mtulivu. Sili ya kemshafti na ya krenki ukishatoa gia ziko wazi mbele yako. Hatari ni kukwaruza shafti kwa bisibisi wakati wa kuinyofoa sili ya zamani. Mkwaruzo mmoja kwenye njia ya mdomo wa sili utavujisha oili hata ukiweka sili mpya. Zungushia ncha ya bisibisi utepe, penya kutokea ndani ya mdomo, nyanyua polepole.

Sili mpya: paka grisi kidogo mdomoni, isukume kwa bomba au soketi yenye kipenyo cha sili, iingie sawia mpaka ilingane na uso wa nyumba yake. Ikizama upande mmoja itavuja.

Gia ya kemshafti inakazwa 54 Nm. Wakati wa kuifungua na kuikaza, toa kifuniko cha valvu ushike kemshafti kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe 6. Usitumie mkanda kuishikia gia. Nyuzi za ndani ya mkanda hazikutengenezwa kuvutwa hivyo.

Mzee_wa_Toki

Pampu. Kwenye 5S-FE kuna bomba la maji linalopita nyuma ya injini na kufungwa kwenye pampu kwa nati 2. Legeza nati hizo, fungua bolti 3 za pampu, itoe taratibu, na kulenti iliyobaki itamwagika.

Kusafisha uso wa bloki kunachukua muda mrefu kuliko kufunga pampu, na ndivyo inavyotakiwa. Kwangua gasketi ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki au mbao. Chuma kikali kikichimba uso huo, mfereji wake ndio njia ya kuvujia. Futa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kisitoke na uchafu. Puliza matundu ya bolti yabaki makavu. Kulenti iliyojaa chini ya tundu lisilotokeza upande wa pili haigandamizwi: bolti inahisi imekaza kumbe inasukuma maji, na tundu linaweza kupasuka.

Gasketi ya kiwandani ifungwe kavu isipokuwa maelekezo yake yaseme vinginevyo. Silikoni nyingi inaminyika kwa ndani, vipande vinakatika na kwenda kuziba rejeta.

Bolti za pampu ni karibu 9 Nm. Zianze zote kwa vidole, kisha kaza kwa zamu, kwa awamu 2 au 3. Nati za bomba zifuate.

Kulenti_Safi

Naongeza kuhusu oringi ya bomba hilo. Oringi nyingi za mfumo wa maji ni mpira wa EPDM, na EPDM inavimba ikikutana na oili au grisi ya petroli. Ilowanishe kwa maji ya sabuni au kwa kulenti yenyewe. Ikiingia kavu inajikunja na kukatika ukingo, nawe hutaiona mpaka mfumo upate presha.

Mzee_wa_Toki

Asante mkuu, hilo ni muhimu.

Sasa mkanda. Usiukunje kwa kona kali, usiugeuze ndani nje, usiuguse kwa mikono yenye mafuta. Kama una mshale, uelekee upande injini inakozunguka.

Hakikisha alama ya krenki na tundu la kemshafti viko mahali pake. Uvishe kwa mpangilio: gia ya krenki, gia ya oili pampu, rola ya kwanza, puli ya pampu ya maji, rola ya pili, kisha gia ya kemshafti mwisho. Upande usio na rola ya springi ndio unaovutwa na krenki na lazima uwe umenyooka bila kulegea hata kidogo. Ulegevu wote ubaki upande wa rola ya springi.

Namna ya kuupata: geuza gia ya kemshafti kidogo kwa mwelekeo wa saa, ingiza jino, halafu irudishe kinyume cha saa mpaka alama ilingane. Kurudisha huko ndiko kunakonyoosha upande wa kuvuta.

Rudisha kisahani, kifuniko cha chini na puli, kaza bolti ya krenki 108 Nm. Legeza bolti ya rola ya springi nusu mzunguko ili springi ifanye kazi yake. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, mwelekeo wa saa, utazame alama zote 2. Zikikubali, zungusha tena polepole mzunguko 1 na saba ya nane, mkato ulingane na alama ya nyuzi 45 kabla ya 0. Hapo ndipo rola inakazwa 42 Nm. Watu huikaza kwenye 0 kwa sababu alama zinaonekana nzuri, lakini pale springi za valvu zinaweza kuwa zinasukuma kemshafti na kuudanganya mkanda. Nafasi ya nyuzi 45 imetolewa na kiwanda kwa ajili ya kukaza, itumie.

Ukipitiliza alama, usirudishe nyuma. Kurudisha kunahamishia ulegevu upande wa kuvuta, na mkanda unaweza kuruka jino. Endelea mbele uizungukie tena.

Ukihisi kitu kigumu wakati wa kuzungusha kwa mkono, SIMAMA. Usiongeze nguvu. Kwenye injini zisizosamehe, hiyo inaweza kuwa pistoni imekutana na valvu.

Spana19

Mkuu, nikihesabu meno kati ya alama kwenye mkanda wa zamani na kuyahamishia kwenye mpya, si rahisi zaidi?

Rola_na_Beringi

Ni nzuri kama uthibitisho wa pili, isiwe ya kwanza. Kama aliyefunga wa zamani alikosea jino 1, utanakili kosa lake kwa uaminifu mkubwa. Alama za kiwandani ndizo hakimu.

Jino 1 si dogo. Kwenye gia ya krenki yenye meno 24, jino 1 ni nyuzi 15 za krenki. Injini inaweza kuwaka, lakini inatetemeka ikiwa imetulia, inakosa nguvu na inakula mafuta. Magari mapya yenye sensa za krenki na kemshafti yataandika kodi ya hitilafu P0016, yaani sensa hizo 2 hazikubaliani. Ukiiona baada ya kazi hii, fungua kifuniko uangalie alama kabla ya kununua sensa yoyote.

BintiMekanika

Kwa wasio na 5S-FE, mambo 3 yanayobadilika sana.

Mwelekeo wa kuzungusha: injini za zamani za Honda za familia ya B, D, F na H zinazunguka kinyume cha saa ukizitazama upande wa puli. Hakikisha kabla hujaweka soketi.

Tenshena (kikaza mkanda) ya haidroliki, kama ya Subaru EJ: kichwa chake kinarudishwa ndani polepole kwa jiriwa, dakika kadhaa, ikiwa imesimama wima, kisha inafungwa kwa pini nyembamba. Ukiikandamiza kwa haraka unapasua sili ya ndani. Pini inatolewa mkanda ukishakaa na alama zikishathibitishwa. Kama inavuja mafuta au inabonyea kwa mkono, usiirudishe.

Bolti za kunyoosha: kitabu kikisema Nm kisha nyuzi, mfano 90 Nm halafu robo mzunguko, mara nyingi bolti hiyo ni ya kutumika mara moja. Weka mpya.

Kulenti_Safi

Kujaza maji nako kunaua injini. Aina za kulenti hazichanganywi kwa kuangalia rangi, kwa sababu rangi si kiwango. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke unalinda dhidi ya kutu, unapandisha kiwango cha kuchemka, na haugandi mpaka karibu nyuzi −37 za Selsiasi. Maji ya bomba yana chumvi zinazojenga ukoko kwenye rejeta.

Thamostati: ile valvu ndogo inayocheza iwe juu, ndiyo inayoachia hewa. Fungua hita mpaka moto wa mwisho, jaza polepole kwa kiasi ulichopima wakati wa kumwaga. Washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, subiri thamostati ifunguke. Ya 5S-FE hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Utaona kiwango kinashuka na viputo vinatoka. Ongeza, funga. Hita ikitoa hewa baridi huku geji ikipanda, bado kuna hewa ndani: zima, acha ipoe kabisa, jaza tena. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto.

Spana19

Nimeelewa. Sauti baada ya kuwasha?

Rola_na_Beringi

Mlio mwembamba wa kuvuma unaopanda na mwendo wa injini: mkanda umekazwa kupita kiasi, na beringi ya pampu ndiyo itakayolipa kwanza. Kupigapiga kwenye kifuniko cha plastiki: umelegea, au kifuniko hakijakaa. Kukwaruza: mara nyingi ni kisahani cha krenki. Zote zinahitaji kuzima na kufungua, haziishi zenyewe.

Spana19

Na pampu mpya ikionyesha unyevu kwenye lile tundu dogo la chini?

Kulenti_Safi

Doa dogo saa za mwanzo, likikauka na lisirudi, ni sili inajikalisha. Lisafishe, angalia tena baada ya safari ya kwanza injini ikiwa baridi, ukitazama na kiwango cha chupa ya akiba. Kama tone linaendelea kudondoka, sili imeharibika na pampu inatoka, kwa sababu tone hilo liko juu ya mkanda mpya.